Tuulinde Mgao wa Mwanafunzi

Kila mwaka, mwezi wa Agosti unapofika, njia panda ya Wandegeya jijini Kampala hujaa vijana waliobeba masanduku, magodoro yaliyokunjwa na ndoo za plastiki. Hao ni wanafunzi wapya wa Chuo Kikuu cha Makerere. Wamo waliotoka Arua, Moroto, Kisoro na Mbale, na wengi wao wamefuatana na mzazi ambaye, akisha kulipa karo na kodi ya chumba, hubakiwa na nauli ya kurudia nyumbani tu. Miongoni mwa wazazi hao wamo askari wa Jeshi na wa Polisi, ndugu zetu, ambao siku hiyo huvaa kiraia na kusimama katika mstari kama raia wengine.

Mzazi huyo anajua karo ni kiasi gani kwa sababu ameandikiwa barua. Asilolijua, na ambalo hakuna aliyemwandikia, ni kwamba mtoto wake atakula nini juma la tano fedha zitakapopungua, atachota maji wapi bomba litakapokauka, na atanunua wapi sabuni saa mbili ya usiku akitoka maktaba. Mambo hayo huonekana madogo mbele ya watu wakubwa. Sisi tunasema si madogo hata kidogo, na leo twataka kueleza kwa nini yanamhusu askari hasa.

Sisi tuliopita katika shule ya makadeti tulifundishwa mapema ya kwamba kamanda anayepanga safari ya kikosi bila ya kuuliza habari za chakula na maji, hajapanga safari. Ramani yake yaweza kuwa nzuri na silaha zake safi, lakini siku ya tatu atakuwa na watu wasiomsikia. Askari aliyekosa mgao wake kwa siku mbili hawi mwoga wala mwasi; ila sikio lake huwa zito, hasira yake huwa karibu, na kila neno la mkubwa wake humwingia kama tusi. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Askari amepata kuwa mtu wa pande zote mbili, kwa hiyo yeye hana udhuru wa kutojua.

Tena askari anayo bahati ambayo haitambui. Kambini kuna ghala, kuna jiko, kuna mpishi wa zamu, na kuna mkuu wa ugavi ambaye mgao ukichelewa huitwa aeleze sababu. Zamani mwanafunzi wa Makerere naye aliishi vivyo hivyo. Chuo hicho kilipofunguliwa mwaka 1922 kikiwa chuo cha ufundi, kilikuwa na wanafunzi 14 tu, waliojifunza useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Mwaka 1945 wakaingia wanawake wa kwanza. Hata kilipokuwa Chuo Kikuu kinachojitegemea mwaka 1970, mwanafunzi alilala katika bweni, akala katika ukumbi wa bweni lake, na kengele ya chakula ilikuwa sehemu ya ratiba yake kama ilivyokuwa kengele ya masomo.

Hali hiyo ilibadilika katika miaka ya 1990. Mwaka 1992 Chuo kilianza kuwapokea wanafunzi wanaojilipia wenyewe, na idadi yao ikaongezeka upesi kuliko vitanda na sahani. Kilima kilifurika. Vijana wakateremka kila upande kutafuta vyumba: mashariki Wandegeya, mbele ya lango kuu, kando ya barabara ile ile inayotupeleka sisi kambini Bombo, magharibi Kikoni, ambako hosteli zimejengwa ukuta kwa ukuta, kusini-magharibi Nakulabye, na kaskazini Kavule hadi mabonde ya Bwaise. Leo wengi wa wanafunzi hao hawana mpishi wa zamu wala mkuu wa ugavi. Kila mmoja ni jiko lake na ghala lake mwenyewe.

Basi ni nani anayewalisha? Wanalishwa na mama mwenye sufuria ya matoke na mchuzi wa karanga, na kijana mwenye bati la moto na unga wa ngano. Wanalishwa na duka la upana wa mlango mmoja linalouza mkate, mishumaa, taulo za kike na muda wa maongezi wa simu. Chapati iliyoviringishwa pamoja na mayai, kabichi na nyanya, ambayo leo Uganda nzima inaiita rolex, husimuliwa kwamba ilipata umaarufu wake hapo Wandegeya, kwa kuwa mwanafunzi alitaka chakula cha kuliwa akitembea. Na ile chapati iliyokatwakatwa na kumiminiwa maharage, ambayo ndiyo ngome ya mwisho ya mwanafunzi aliyefilisika, inaitwa kikomando. Jina hilo limetoka kwetu sisi wanajeshi. Vijana wanakula kwa jina letu; tusiwe sisi tunaowanyang'anya sahani.

Watu husema kwamba jina la Wandegeya limetokana na endegeya, yaani ndege wale wasuka viota ambao hapo zamani walijaa katika miti ya mahali hapo. Ndege hao huenda penye nafaka. Hata leo nafaka imo. Lipo soko la Wandegeya lililojengwa upya kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na ng'ambo ya Mulago lipo soko la Kalerwe, ambako malori hushusha ndizi, viazi na kabichi kabla ya mapambazuko na ambako bei ni nafuu. Kwa hiyo upungufu wa chakula hatuna. Tatizo ni njia ya kukifikisha chakula hicho mkononi mwa mwanafunzi, kwa bei anayoiweza na kwa saa anayopata nafasi.

Tazameni jinsi maskini anavyolipa zaidi kuliko tajiri. Mwenye fedha hununua gunia la unga na dumu la mafuta, akaweka. Mwanafunzi hununua mafuta ya vijiko vichache katika mfuko wa nailoni, sukari ya kikombe, na kipande cha sabuni kilichokatwa kwa kisu. Kila kipimo kidogo kina faida ya mwenye duka juu yake, na faida hizo zikijumlishwa mwisho wa mwezi, kijana wa kikombe amelipia kilo moja zaidi kuliko yule wa gunia. Akitaka kwenda Kalerwe kufuata nafuu, nauli ya bodaboda huila nafuu hiyo. Akitaka kupika chumbani, wenye hosteli wengi hukataza jiko la umeme, nao wana sababu yao, kwani moto hauchagui chumba. Na wakati fedha ya nyumbani imechelewa kuingia katika simu, hakuna anayemkopesha ila yule mama wa sufuria, ambaye humwandika katika daftari lenye mafuta ya kupikia kila ukurasa.

Maji nayo ni sehemu ya mgao. Bomba likikauka, madumu hupandishwa ghorofani kwa malipo, na asiye na malipo hutafuta chemchemi. Tusisahau ya mwaka 2015, homa ya matumbo ilipoenea jijini Kampala, na uchunguzi ukaonyesha kuwa maji machafu, pamoja na vinywaji vilivyotengenezwa kwa maji hayo, yalikuwa miongoni mwa visababishi vyake. Ugonjwa wa aina hiyo hauishii kwa wanafunzi. Askari wa doria hunywa sharubati ya kibanda kile kile, na hupeleka ugonjwa ule ule kwa watoto wake katika kota.

Sasa tuseme jambo ambalo si tamu. Historia ya Makerere inaonyesha kuwa mambo haya ya tumbo na mfuko, yakipuuzwa, huishia mikononi mwetu. Mwaka 1952, siku za utawala wa Mwingereza, wanafunzi waligoma kwa ajili ya chakula, na miongoni mwa waliofukuzwa alikuwamo Abu Mayanja, katibu mkuu wa kwanza wa chama cha Uganda National Congress, aliyekuja baadaye kuwa waziri katika nchi hii. Wakubwa wa siku zile waliona ni fujo za sahani. Kumbe walikuwa wanatazama taifa linalozaliwa. Mwezi wa Desemba 1990 ugomvi ulihusu posho za vitabu na nauli zilizokuwa zimeondolewa. Ulikwisha kwa risasi za polisi, na wanafunzi wawili walikufa. Mwezi wa Oktoba 2019 ugomvi ulihusu nyongeza ya karo ya asilimia 15, na wanajeshi wakaingia hadi mabwenini. Yaliyotendeka humo yalilaumiwa hadharani, wala sisi hatutajaribu kuyapamba hapa.

Hatusemi kwamba kila mgomo una haki, wala kwamba anayerusha jiwe abembelezwe. Twasema kwamba katika nyakati hizo zote askari aliitwa mwishoni, wakati ufa ulikwisha kuwa ukuta ulioanguka. Ni nani aliyeuona ufa ulipokuwa mwembamba? Aliyeuona ni konstebo wa zamu ya usiku Wandegeya, aliyemwona binti akihesabu sarafu mara tatu mbele ya kibanda na kuondoka bila kununua. Hakuna afisa wa upelelezi anayeweza kupata habari iliyo ya kweli kuliko hiyo.

Kwa hiyo twawaomba askari waitazame ile mistari ya vibanda kama ghala la chakula la kikosi kikubwa cha vijana. Ghala hulindwa. Na ghala lolote lina maadui wanne.

Adui wa kwanza, na hatuna budi kumtaja kwanza, ni sisi wenyewe. Wapo miongoni mwetu wanaokula chapati na kupangusa mikono bila kulipa, kana kwamba sare ni sarafu. Wapo wanaopita saa nne ya usiku na kumwuliza mwenye kibanda maswali ambayo jibu lake ni noti iliyokunjwa. Askari huyo hudhani amemla mwenye kibanda. Amekosea hesabu. Kesho yake mama yule hupunguza kijiko cha maharage katika kila sahani ili arudishe hasara, na mwenye kulipa chapati ya konstebo ni mwanafunzi, pengine mtoto wa konstebo mwenzake.

Adui wa pili ni giza. Njia zitokazo maktaba kwenda Kikoni na Nakulabye ni fupi mchana na ndefu sana usiku. Mwanafunzi wa kike anayeogopa njia hununua chakula saa kumi na moja ya jioni kikiwa ghali, au hulala na njaa. Taa si kazi ya askari, lakini miguu ya doria ni kazi yake. Doria ikipita katika njia hizo wakati maktaba inapofungwa, badala ya kusimama barabara kuu penye mwangaza, itakuwa imewapa chakula watu wengi bila ya kutumia shilingi moja.

Adui wa tatu ni bamvua la kufagia, yaani zile siku ambapo vibanda vyote huondolewa kwa pamoja, kama ilivyofanyika Mamlaka ya Jiji la Kampala ilipowaondoa wachuuzi barabarani mwezi wa Januari 2022. Sheria ya jiji ni sheria, na njia ya watu wa miguu ni haki yao. Hata hivyo yako maagizo na iko namna ya kuyatimiza. Askari akiagizwa kusimamia uhamisho, na asimamie. Lakini hakuagizwa kumwaga sufuria. Chakula kilichomwagwa hakiwi ushahidi mahakamani. Huwa ni uadui tu, na uadui huo hukaa pale pale ambapo kesho tutahitaji mtu wa kutuambia mwizi wa simu amekimbilia upande gani.

Adui wa nne ni kipimo cha uongo. Kipo kikombe chenye kitako kilichobonyezwa, ipo mizani iliyolegezwa, na lipo duka la pekee ndani ya ua wa hosteli linalopandisha bei kwa sababu lango hufungwa mapema. Hapa askari asijifanye hakimu wa bei. Lakini mlalamikaji akija kituoni na kikombe chake mkononi, asichekwe. Aandikiwe, na apelekwe kwa wakubwa wa vipimo wanaohusika.

Tunajua yatakayosemwa. Mmoja atasema kuwa wanafunzi hao ndio waliotutukana na kuturushia mawe, na kwamba wao ni watu wazima wajilishe. Ni kweli wametutukana, na ni kweli wao ni watu wazima. Lakini askari halindi watu kwa sababu wanamsifu. Mwingine atasema kuwa wezi hujificha katika vibanda. Hilo pia ni kweli. Basi na akamatwe mwizi. Mwenye kibanda anayejua kuwa polisi hulipa chakula chao ndiye atakayewaonyesha mwizi huyo kwa kidole.

Jioni moja ya mvua, hivi karibuni, tulisimama chini ya turubai la mwuza chapati katika eneo hilo, tukiwa hatukuvaa sare. Alikuja konstebo kijana, amelowa mabega, akaagiza kikomando. Alipomaliza akatoa noti. Yule mama aliitazama noti ile kama kitu cha hatari, akasema, "Acha tu, afande, ni kidogo." Konstebo akajibu, "Hapana, mama. Na mimi nalipwa mshahara. Chukua." Mama akaichukua. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa nyuma yake mstarini akasema kwa sauti, "Afande, leo umetushangaza!" Watu wote wakacheka, na konstebo naye akacheka, akarudi mvuani kwenye lindo lake. Hatukumwuliza jina lake. Lakini tulipokuwa tukiondoka tulimwona mama yule akimzidishia mwanafunzi yule maharage. Kazi ya uhusiano mwema ambayo ofisi yetu huifanya kwa karatasi na vipaza sauti, kijana huyo aliifanya kwa noti moja.

Kwa makamanda wa vituo vinavyouzunguka mlima ule tunalo ombi. Saa za doria zilinganishwe na saa za maktaba, na kila askari mgeni anayehamishiwa huko aambiwe tangu siku ya kwanza kwamba katika vibanda hivyo hakuna chakula cha bure. Malalamiko ya wachuuzi yapokewe bila ya kuwatisha. Wakubwa wa jiji na wa Chuo nao wana sehemu yao: taa katika njia, bomba la maji safi karibu na wapishi, na mahali halali pa kuuzia usiku pasipokuwa mbali na wanunuzi. Soko zuri linalofungwa kabla ya mwanafunzi kutoka darasani ni jengo tu.

Kwa askari aliye mzazi tunayo maneno ya nyumbani. Usimpe mtoto fedha zote siku ya kwanza, wala usimwache bila kitu hadi mwisho. Mgao hugawiwa kwa juma. Nawe ugawe hivyo hivyo kwa simu, siku ile ile ya kila juma. Kama shamba lako limetoa maharage au mahindi, yapeleke. Sisi tunavyo vyama vyetu vya akiba na mikopo, Wazalendo kwa wanajeshi na Exodus kwa polisi, navyo vimetufundisha kwamba haba na haba hujaza kibaba. Mfundishe mwanao somo hilo. Vijana wanane wa ukumbi mmoja wakichanga, huweza kumtuma mmoja Kalerwe kununua gunia kwa nauli moja, na ile faida ya vikombe ikabaki mifukoni mwao.

Na kwa mwanafunzi, ikiwa gazeti hili litamfikia likiwa limefungia chapati, nasi tunamwambia: lipa deni la yule mama kabla hujafunga sanduku mwisho wa muhula. Daftari lake ni benki ya wenzako watakaokuja Agosti. Ukilikimbia, umelifunga mbele ya kijana mwenye njaa usiyemjua.

Ndugu askari, nchi yetu ina mipaka mirefu, na wapo wenzetu wanaoilinda usiku huu katika baridi ya milima na joto la nyika. Heshima yao ni kubwa. Lakini lipo na lindo hili dogo, kutoka lango kuu la Makerere hadi kibanda cha mwisho cha Kikoni, ambalo halina handaki wala bendera. Anayelishika lindo hilo vizuri ni yule anayepita njia yenye giza, anayelipa anachokula, na anayemwacha mama amalize kuuza sufuria yake. Zamu ya leo usiku inaanza saa kumi na mbili. Tuanze nayo.